Anachokirudisha Mteja

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za duka, nikapewa saa ya ukutani, keki, na hotuba tatu, moja ikiwa ya bwana ambaye alilikosea jina langu mara mbili. Baada ya hotuba, nyie vijana wa kaunta mlinizunguka mkitaka niwasimulie kazi ilivyokuwa zamani. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu keki ilikuwa inaisha. Sasa nafasi ninayo. Nimekaa barazani kwangu hapa Karatu, saa ya ukutani nimeitundika ingawa inakwenda nyuma, na nawaandikia kwa kirefu. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kiliniongezea kazi kuliko mshahara.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya sabini katika duka la ushirika, nikiwa binti wa miaka ishirini niliyejifunza kidogo mambo ya biashara kwa masista. Meneja alikuwa Mzee Gwandu, Mwiraqw mrefu mwembamba aliyevaa koti la sufu mwaka mzima, hata mwezi wa pili. Siku ya kwanza nilifika nimepiga pasi gauni na kalamu mbili mkononi. Akaniangalia, akazichukua zile kalamu na kuzitia mfukoni mwake.

"Leo huuzi, Theresia," akasema. "Kaa pale."

Pale palikuwa juu ya gunia la chumvi, pembeni mwa kaunta. Nikakaa. Watu waliingia na kutoka, mizani ikapanda na kushuka, na mimi nikaona aibu kama mtoto aliyepewa adhabu. Saa sita akaja kusimama mbele yangu.

"Umeona nini?"

"Nimeona watu wakinunua, Mzee."

"Hilo hata yule mbuzi aliyefungwa nje ameliona."

Wiki ile bei ya mafuta ya taa ilikuwa imepanda. Mchana akaingia mama mmoja kutoka Mbulumbulu, kapu kichwani, miguu imejaa vumbi la njia. Akatusalimu kwa Kiiraqw, "Saita," akaanza kutaja vitu vyake, na Mzee Gwandu akawa anavipanga juu ya kaunta: chumvi, mche mmoja wa sabuni, majani ya chai, pakiti mbili za biskuti, na chupa mbili za mafuta ya taa. Alipotajiwa bei mpya ya mafuta alizitazama fedha kiganjani mwake. Kisha akasukuma nyuma biskuti zote mbili. Akafikiri tena, akaomba mche wa sabuni ukatwe nusu. Mafuta ya taa hakuyapunguza hata tone. Chumvi hakuiangalia kabisa.

Alipoondoka, Mzee Gwandu alinigeukia. "Umeona sasa? Bei iliyopanda ni ya mafuta, lakini zilizobaki hapa ni biskuti." Akazirudisha rafuni. "Kila mtu anaangalia mteja anachukua nini. Wewe uangalie anarudisha nini, na anarudisha kwa mpangilio gani. Ukijua hilo, utajua cha kuagiza."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote ya uchumi. Nyie mmesoma vyuoni mkachorewa mistari inayopanda na kushuka. Mimi nilichorewa na pakiti mbili za biskuti.

Nilijifunza vyombo vya kazi kimoja kimoja. Mizani ya shaba, ambayo lazima uifute kila asubuhi kwa sababu vumbi la Karatu nalo lina uzito. Pampu ya mafuta ya taa iliyokuwa na tabia ya kukohoa. Na waya wa kukatia sabuni, ambao ndio nilioupenda kuliko vyote. Sabuni ilikuja katika miche mirefu, tukaikata kwa waya wenye vipande vya mti kila upande. Mwaka wa mavuno mazuri ya ngano, akina mama walibeba mche mzima begani kama kuni. Mwaka mbaya tulikata vipande vyembamba mpaka ukikishika kimoja mwangani unaona kivuli cha kidole chako. Hakuna aliyeacha kuoga, ila kila mtu alijua kujipimia. Nilifika mahali nikawa najua hali ya mashamba ya Mbulumbulu kwa kuangalia unene wa sabuni tu, bila kuuliza habari za mvua.

Nilipoaminiwa kuagiza bidhaa, kosa langu la kwanza lilikuwa la viatu. Mwaka mmoja ngano ilikauka, na katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, vilinunuliwa mpaka tukaishiwa. Nikafurahi sana. Nikaona nimegundua kitu watu wanachokipenda. Nikaenda kwa Fundi Yohana, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, nikamwambia atengeneze vingi kadiri anavyoweza. Yohana akakusanya matairi mabovu ya Karatu nzima. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha vizuri, ngano ikafika kiunoni, fedha zikaingia Mbulumbulu. Nikapanga katambuga zangu mlangoni, pea kwa pea, zimeng'aa kwa mafuta.

Hakuna aliyezitazama. Wakulima walizipita wakaenda moja kwa moja kwenye raba na viatu vya ngozi. Walinunua redio, walinunua mabati, walinunua vitambaa vya suti. Mzee mmoja alinunua baiskeli ingawa hajui kuipanda, akaisukuma kwa mikono kupanda mlima wote mpaka kwake, akisalimia kila mtu njiani. Nilipomwuliza kwa nini asisubiri kijana wake aje kuiendesha, alinijibu, "Nikimpa yeye, watu watajua baiskeli ni yangu kwa njia gani?"

Nikapunguza bei ya katambuga. Bado. Nikapunguza tena. Mama mmoja akaniambia kwa huruma, "Theresia mwanangu, mwaka jana tulizivaa kwa shida. Usitukumbushe."

Fundi Yohana alikuwa anapita kila asubuhi kuuliza zimebaki ngapi, na mimi nilikuwa nimeanza kupitia mlango wa nyuma. Mwishowe nilimwendea Mzee Gwandu, nikamwambia nimeharibu, kama ni kufukuzwa nifukuzwe.

"Ulidhani wanazipenda?" akauliza.

"Walizinunua zote, Mzee."

"Walizinunua kwa sababu mfuko ulikuwa hauruhusu kingine. Mfuko ukipona, mtu anakimbia kitu kama kile." Akajikuna kidevu. "Lakini usizichome bado. Safari anakwenda Kakesio Jumanne. Panda naye."

Safari alikuwa dereva wa lori letu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wazazi wake walimpa jina hilo kabla hawajawahi kuona gari. Lori lenyewe tuliliita Kobe. Lilikuwa duka linalotembea: tulipitia lango la hifadhi, tukapanda hadi kwenye ukingo wa kreta ambako ukungu hukufanya uendeshe kwa kukisia, tukateremka upande wa pili hadi Endulen, na kutoka hapo njia ilikuwa ni mawe na miiba mpaka Kakesio, kwenye maboma ya wafugaji.

Nilifika nikiwa na hofu. Wenyeji wa Kakesio mwaka ule hawakuwa na shida yoyote, ng'ombe walikuwa wanene na bei ya mnadani ilikuwa nzuri. Nikawaza, kama mkulima mwenye fedha kazikataa, mfugaji mwenye fedha zaidi atazifanyia nini? Akaja mzee mmoja mwenye mifugo iliyojaza bonde, amejifunga shuka jipya jekundu. Akachukua katambuga moja, akaikunja, akaipiga na fimbo, akanusa. Akachukua pea nne, yake na za wanawe.

"Baba," nikamwambia, kwa sababu nilishindwa kujizuia, "una uwezo wa kununua viatu vya ngozi. Ninavyo humu ndani."

Akanitazama kama mtu anayemtazama ndama mjinga. "Cha ngozi mwiba unaingia. Hiki mwiba unakutana nacho, unarudi nyumbani."

Kabla jua halijapinda, katambuga zote zilikwisha. Kitu kile kile ambacho Mbulumbulu ni dalili ya shida, Kakesio ni kitu cha mtu mwenye mali. Fundi Yohana alipopata habari alikuja dukani akanikumbatia mbele ya wateja, jambo lililoleta maneno kwa wiki mbili. Mimi nikajifunza kutosema tena "watu wanapenda" kabla sijauliza watu wa wapi, na mwaka gani.

Miaka ilikwenda. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, watalii wakapungua, na wahudumu wa hoteli za ukingoni wakaacha kununua maziwa ya kopo na kanda za muziki; kabichi zilizokuwa zinapelekwa kwao zikarudi sokoni Karatu, zikawa rahisi hivi kwamba tulikula kabichi mpaka tukachoka kuangaliana. Nilikuwa nimeshazoea sasa. Nilijua bei ikipanda mteja atarudisha nini, nilijua kipato kikishuka ataanza kuacha wapi. Nilijiona bingwa. Na hapo ndipo Kakesio wakanifundisha upya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mnakumbuka mlivyosimuliwa: duka lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Sukari ilikuja kwa mgao, sabuni kwa bahati. Mwaka huo ukame ukaingia kwenye nyanda za wafugaji, na bei ya unga wa mahindi ikapanda kupita ilivyowahi kupanda. Hapa Karatu mjini, watu walifanya nilichotarajia: walipunguza unga, wakageukia viazi na ndizi. Kwa hiyo nilipopanga mzigo wa Kakesio nilijisifu kwa akili yangu. Unga umepanda, wataununua kidogo. Nikapakia magunia matano tu. Nafasi iliyobaki nikaijaza mgao wetu wa sukari, ambao ulikuwa umefika wiki hiyo baada ya miezi, sabuni, majani ya chai, maharage, na mashuka.

Mzee Gwandu aliukagua mzigo. "Una hakika na unga?"

"Bei, Mzee," nikasema. "Itawakimbiza."

Akarudi kwenye mizani yake. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kuniacha nikosee.

Tulifika Kakesio siku ya Alhamisi. Njiani tulikuwa tumeona ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zinahesabika, na wengine ambao hawakusimama tulipopita. Wanawake walikuwa wamekaa chini wakitusubiri, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Naserian, mteja wangu wa miaka mingi, mama wa watoto sita, ambaye kila safari alichukua debe moja la unga, sukari, majani ya chai, maharage, na ikibaki kitu, shanga.

"Takwenya, Naserian."

"Iko," akaitikia. "Nipe unga madebe mawili."

Nilidhani hajasikia. "Mama, bei imepanda. Sana."

"Nimesikia. Ndiyo maana nataka mawili."

"Na sukari? Leo ninayo."

"Sitaki."

"Maharage?"

"Sitaki."

Nikashindwa kuelewa, na nikamwambia hivyo. Naserian hakukasirika. Alinieleza polepole, akikunja kidole kimoja kimoja. "Ng'ombe aliyekuwa ananipa fedha ya vitu vyote vile, leo mnadani wananipa fedha ya kumlia tu machozi. Maziwa hakuna. Zamani unga ulikuwa wa kusindikiza maziwa. Sasa kwa bei hii, nikinunua unga kama zamani, kinachobaki hakitoshi sukari wala maharage, na watoto wanalala njaa. Basi naacha vyote, nachukua unga peke yake. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote bado, hata kikiwa ghali. Na matumbo ni yale yale sita."

Magunia matano yaliisha kabla robo ya mstari haijafika. Waliobaki hawakupiga kelele. Ningependelea wapige. Walikaa tu, madebe matupu magotini, wakilitazama lori lililojaa sukari ambayo kwa miezi mingi walikuwa wakiiulizia. Bibi mmoja kizee, ambaye wote walimwita Koko, akaja taratibu mpaka kwenye ubao wa lori.

"Mtarudi lini?"

"Siku ya tano, Koko," nikasema. "Jumanne. Na unga."

Tulipoondoka, Safari aliendesha mpaka tukaliacha boma la mwisho nyuma. Kisha kwa sauti yake ndogo akauliza, "Umeahidi kwa lori la nani?"

"Lako."

"Na unga wa nani?"

Nikahesabu kichwani magunia ya ghala letu, nikafika sifuri.

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya Mzee Gwandu, sijalala na macho yamevimba. Nilimweleza yote, nikamwambia kosa ni langu. Karatu nzima haikuwa na gunia la unga la kuuza. Ghala letu lilikuwa tupu na la jirani lilikuwa na panya tu, nao wamekonda.

"Mbulumbulu wana mahindi," akasema.

"Wanayo, lakini hawauzi, Mzee. Wanunuzi wamepandisha bei mara mbili, hawajatoa hata debe. Ajabu. Bei ikipanda muuzaji si anatakiwa afurahi?"

"Kaa chini." Nikakaa, bahati mbaya juu ya gunia tupu. "Mkulima anauza mahindi ili apate nini?"

"Fedha."

"Ili apate nini na hiyo fedha?"

Nikaangalia rafu zetu. Miezi mitatu hazikuwa na sabuni, miezi minne hazikuwa na sukari. Kisha nikageuka nikatazama nje, kwenye uwanja, ambako Kobe alikuwa amesimama na mgao wote wa sukari na sabuni ambao Kakesio walikuwa wameshindwa kuununua.

Mzee Gwandu alikuwa ameshavaa kofia. Mahindi hayakuruhusiwa kuvuka wilaya bila kibali, na Kakesio ilikuwa wilaya nyingine. "Nashika basi la saa sita kwenda Mbulu, kwa wakubwa wa wilaya," akasema. "Wewe na Safari pumzikeni. Jumapili muwe Mbulumbulu misa ikitoka. Uza kwa bei iliyoandikwa, usiongeze hata senti. Na mahindi ununue kwa bei ambayo wao wenyewe hawataona haya kuitaja kanisani."

Alirudi Jumamosi jioni, koti lote limegeuka rangi ya barabara, kibali mfukoni. Sikumwuliza aliombaje. Katika miaka yote niliyomjua, ndiyo mara pekee aliyokwenda kumwomba mkubwa yeyote kitu.

Jumapili tuliegesha Kobe chini ya kanisa, tukafungua ubao wa nyuma. Watu walitoka wakiimba bado, wakanyamaza walipoona magunia ya sukari. Mzee Tarmo, mkulima mwenye ghala kubwa kuliko wote, alikuja mbele akiwa mkali.

"Mmekuja kununua mahindi. Nawajua. Mwambieni aliyewatuma kwamba fedha ninazo. Nimezijaza kwenye sufuria, na nimeshindwa kupata duka linaloniuzia mfuniko."

"Mzee, sijaja na fedha peke yake," nikasema. "Nimekuja na duka. Anayetaka sukari anunue, anayetaka sabuni anunue, hata asiponiuzia punje moja. Lakini mahindi nayataka, na nitakwambia yanakwenda wapi."

Nikawaambia habari za Kakesio, za Naserian na madebe yale. Sikuwa mzungumzaji, na Kiiraqw changu kilikuwa kinakatika katikati kwa hofu. Watu wa Mbulumbulu na wafugaji wa kule walikuwa na ugomvi wao wa zamani wa ng'ombe, na nilisikia mtu nyuma akiguna. Mzee Tarmo akawa anachora ardhi kwa fimbo. Aliyemaliza jambo hakuwa yeye. Alikuwa mke wake, Mama Agnesi, mama mfupi aliyekuwa amesimama na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Baba Agnesi," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "miezi mitatu nakufulia kwa majivu. Hilo shati ulilovaa mbele ya Mungu leo ni la majivu. Wale kule wana watoto, na hapa kuna sabuni. Unafungua ghala, au nirudi ndani nimwombe padri aje kulifungua?"

Padri alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee Tarmo akajitazama shati. Kisha na yeye akacheka, akatoa ufunguo. Baada ya ghala lake kufunguka, mengine yalifunguka kama yamepigiwa kengele. Kufikia saa kumi tulikuwa hatuna sukari wala sabuni, na Kobe amekaa chini kwa uzito wa mahindi mpaka Safari akaanza kumbembeleza kwa jina. Mama Agnesi alilipwa gunia lake kama wengine, kisha akatupa juu ya mzigo debe lingine ambalo hakutaka kupimiwa. "La yule mwenye watoto sita," akasema.

Jumatatu tulisaga, mashine ikiunguruma kutwa na sisi tumegeuka weupe mpaka kope. Jumanne, jua likiwa linaelekea kuzama, tuliingia Kakesio. Wanawake walikuwa pale pale. Koko alikuwa mbele, amekaa juu ya debe lake.

"Niliwaambia watakuja," akawatangazia wenzake. Kisha akaniinamia. "Hakuna aliyeniamini. Hata mimi."

Naserian alichukua madebe yake mawili na la tatu la Mama Agnesi. Alipoambiwa limetoka kwa nani alilitua chini. Akavua bangili moja ya shanga, akanipa nimpelekee. Nasikia Mama Agnesi aliivaa mpaka kwenye harusi ya mwanawe.

Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Mgao ukifika tuliupeleka Mbulumbulu kwanza, tukarudi na mahindi, tukasaga, tukapeleka Kakesio, na baadaye kwa wafugaji wa Oloipiri, walipotuma watu kutuita. Wakubwa walikuja kuuliza kwa nini duka letu linazungusha bidhaa kwa njia ndefu namna ile. Mzee Gwandu aliwapa chai isiyo na sukari, akawaeleza, wakaondoka wameelewa au wamechoka. Kabla ukame haujaisha yeye alistaafu, akarudi kwao kulima. Hakutaka keki wala hotuba. Aliondoka asubuhi na mapema na koti lake, na kalamu zangu mbili nadhani bado zilikuwa mfukoni.

Akaja meneja mpya, kijana nadhifu aliyesoma, mwenye kupenda mambo yaende kwa mpango. Alipoona tunavyouza unga Kakesio alinipangia mzigo wa kudumu: lori zima, unga mtupu, kila baada ya wiki mbili. Nilikubali. Sikuwa na sababu ya kukataa; mwaka mzima sikuwa nimerudi hata na kilo moja.

Siku moja, baada ya masika kutufungia njia karibu miezi miwili, tulipoteremka upande wa Endulen, Safari alipunguza mwendo akatoa kichwa dirishani. Majani yalikuwa yamefika kwenye ekseli za lori. Huku kwetu mvua zilikuwa za kawaida tu. Hatukujua kule zimeshuka namna gani. Kakesio tulikuta hakuna mstari. Tulipiga honi. Baada ya muda wakaja, wawili watatu, wamepaka mafuta, wamevaa shanga zote walizonazo, wanaongea na kucheka njia nzima. Naserian alikuja wa mwisho, amebeba kibuyu.

"Unga upo," nikamwambia. "Mwingi. Na bei haijapanda."

Akachungulia ndani ya lori, akaona magunia yamepangwa mpaka juu, akashika tumbo kwa kicheko. Akawaita wenzake waje waone. Koko akaletwa na mjukuu wake aone na yeye.

"Sukari iko wapi?" Naserian akauliza.

"Sikuleta."

"Majani ya chai?"

"Sikuleta."

"Shanga za bluu, zile ndogo?"

"Naserian, nimeleta unga."

"Basi umekuja kututembelea," akasema, akafungua kibuyu. Tulikunywa maziwa, mimi na Safari, tumekaa kivulini mwa Kobe na mzigo wetu wote, tukizungukwa na wanawake waliokuwa wakitania kwamba duka limekuja kula badala ya kuuza. Hatukuuza hata debe. Nilikunywa mpaka nikashindwa kusimama, na sikumbuki siku nyingine kazini niliyofurahi kama ile.

Tulirudi Karatu na lori zima kama lilivyotoka. Meneja mpya alikuwa akitusubiri uwanjani. Akapanda kwenye gurudumu, akachungulia, akateremka amebadilika rangi.

"Dada Theresia, kumetokea nini? Bei imewashinda?"

"Bei ni ile ile, Bwana Meneja," nikamwambia. "Ng'ombe wamezaa."